Pumzi Kwenye Utepe

Himo siku ya soko haina adabu. Huyu anakukanyaga, yule anakuvuta mkono uone viatu vyake, na makuli wanapita na magunia wakipiga kelele "Shoti! Shoti!" kama wewe ndiye uliyewakosea. Ilikuwa mwaka tisini na tatu, biashara imefunguliwa, na mitumba imejaa mpaka barabarani. Salvina alisimama juu ya kreti la bia, amevaa blauzi nyekundu ya mabega mapana na kitenge kilichomkaa sawasawa kiunoni, nywele amezisuka kwa uzi, anaita wateja. Wenzake walipaza sauti, yeye aliimba. Bei aliziimba, rangi za mashati aliziimba, hata matusi ya wasionunua aliyaimba.

Ndipo akamwona mwanamume mmoja mrefu, mwembamba, amesimama mbele ya lundo lake la mashati, kofia ya pama mkononi, macho ameyafumba.

"Wewe kaka! Mashati yanatazamwa, hayaombewi!"

Watu wakaangua kicheko. Yule mtu hakufumbua macho.

"Endelea kuimba," alisema. "Mimi nanunua."

"Unanunua nini?"

"Chochote. Ila usinyamaze."

Aisee, mwanamke gani asingecheka? Salvina akaimba, na yule bwana akaokota mashati bila kuyatazama. Moja lilikuwa la kike, lina maua kwenye kola.

"Hilo siyo lako, mangi."

"La mke wangu."

"Anaitwa nani huyo mwenye bahati?"

"Sijamuuliza jina bado. Wewe unaitwa nani?"

Salvina alicheka mpaka akashika bega la jirani yake asianguke. "Salvina. Na wewe?"

"Gidioni. Wa Mringaringa Jazz."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Jina hilo alilijua. Kuanzia Himo mpaka Kwa Sadala, nani asiyelijua? Jirani yake alikwisha kujivuta nyuma kidogo, kama watu wanavyomkwepa mtu anayetoka kuchimba kaburi.

Gidioni alizaliwa upande wa Machame, akafundishwa tarumbeta na Walutheri wenzake angali anavaa kaptura. Siku alipoonekana akipuliza saksafoni baa, wazee wa usharika walimwita, wakamwambia achague moja. Akachagua. Akaenda Dar es Salaam, akapigia bendi mbili tatu, akajifunza kurekodi kwa mafundi wa redio, kisha akarudi Moshi na mashine ya kurekodia, ile ya mikanda mikubwa inayozunguka, ameipakata kwenye basi njia nzima kama mtoto mgonjwa. Akapanga nyumba Njoro, akaunda bendi yake, chumba cha nyuma akakifanya studio. Madirisha aliyaziba kwa magodoro, mlango kwa mablanketi, kuta kwa trei za mayai, ili hata jogoo wa jirani asipenye. Ukiingia humo na mlango ukifungwa, ulisikia moyo wako mwenyewe ukidunda, na hewa ilikuwa nzito ya jasho na moshi wa sigara wa tangu juzi.

Kilichowatia watu hofu ni hiki. Wenseslaus, mpiga gitaa wa bendi, alirekodi humo nyimbo zake, mwaka haukuisha akafa. Zita, mwimbaji aliyekuwa akiwaliza walevi, alirekodi naye, na naye akafa. Mchagga popote alipo, ikifika Desemba anapanda mlimani kwao. Basi watu wakapata la kusema: ukiimba kwenye utepe wa Gidioni, Desemba hupandi, unapandishwa. Tena wakaongeza kwamba yeye mwenyewe hajawahi kujirekodi hata mara moja. Jukwaani anapuliza mpaka mishipa inamsimama, lakini mashine ikianza kuzunguka anakaa kwenye vitufe, saksafoni anampa mtu mwingine. Kwa nini, kama hajui kilichomo humo?

Haya yote Salvina aliyajua. Na bado, jamani, Jumamosi iliyofuata aliamka mapema akapaka mafuta shingoni, akasimama juu ya kreti lake akiangalia njia ya Moshi. Gidioni alikuja. Akaja na nyingine, na nyingine. Siku ambazo hakuja, Salvina alikwenda kupiga simu dukani kwa mzee Aristides, aliyekuwa na simu ya mezani na masikio makubwa.

"Haloo, Njoro?"

"Ndiyo Njoro. Umekula?"

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu ya nini? Sauti nimeshaisikia, ni nzima. Nauliza tumbo."

"Nimekula mtori."

"Bila mimi! Haya, mchoyo wangu."

"Gidi, punguza sauti, watu wanatusikiliza."

"Nani? Mzee Aristides? Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mwanangu," Aristides aliitika kutoka kwenye rafu za sabuni, kisha akakumbuka kwamba hakutakiwa kusikia, akaanza kupangusa chupa aliyokwisha kuipangusa.

Mapenzi yao yalikuwa hivyo, ya vicheko. Lakini kila mara Gidioni alirudi kwenye neno lilelile: "Nataka sauti yako kwenye utepe, Salvina. Sauti kama hiyo ikiishia sokoni ni dhambi." Na kila mara Salvina aligeuza mazungumzo. Huko Kilema, mama yake, Margareta, mjane aliyelea watoto kwa kahawa na ndizi, alikuwa amekwisha kusema lake.

"Mlutheri, sawa, Mungu ni mmoja. Mpiga muziki, sawa, hata baba yako alikunywa mbege akacheza. Lakini mtu anayezika waimbaji wake? Salvina, usiniletee jeneza kwenye migomba yangu."

Mwishowe Salvina alichoka kuogopa akiwa mbali. Alishuka Njoro siku moja mchana, amevaa lile shati la maua kwenye kola, ambalo Gidioni alikuwa amempa, akaingia studio bila kubisha.

"Niambie kweli," alisema. "Watu wako wamekufaje?"

Gidioni alivuta rafu ya mikanda. Kisha akaweka mkanda wa Zita kwenye mashine, akamvisha Salvina hedifoni.

"Usisikilize wimbo. Sikiliza kabla ya wimbo. Pale anapovuta pumzi."

Salvina akasikiliza. Zita alikuwa karibu kabisa, kama amekaa sikioni mwake. Kabla ya kila ubeti alivuta pumzi, na chini ya pumzi hiyo kulikuwa na kitu kinakwaruza, kidogo sana, kama ukucha juu ya kitambaa kikavu. Salvina akavua hedifoni.

"Ni nini hicho?"

"Kifua. Kwa Wenseslaus kilikuwa hivihivi. Utepe hauui mtu, Salvina. Utepe unasikia mapema, kabla mtu hajaanza hata kukohoa."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwambia?"

Gidioni akainama. "Aliniuliza, 'Unasikia nini?' Nikamwambia, 'Nakusikia wewe.' Akafurahi. Sikuwa na moyo wa kumwambia jingine."

"Gidioni! Angekwenda hospitali!"

"Najua. Kwani unadhani mimi nalala?"

Hasira ilimpanda Salvina mpaka machozi yakamtoka. Alimpiga ngumi kifuani, mara moja, na akabaki amekishika kifua hichohicho, kwa sababu alimpenda, na hilo halikuwa na dawa.

"Mimi nitaimba," alisema. "Lakini uniapie. Ukisikia kitu, uniambie hapohapo. Usinifiche kama Zita."

"Naapa."

"Na wewe upulize. Siimbi na saksafoni ya mtu mwingine. Kama ni kuingia humo tuingie wote."

Gidioni alisita. Salvina aliona jinsi alivyosita, na hakupenda. Lakini alikubali. Akamwita Fabian, mpiga ngoma wake, akamkalisha kwenye vitufe. Magodoro yakasukumwa vizuri madirishani, mablanketi yakashushwa, taa nyekundu ikawaka. Salvina aliimba kama anaimba mara ya mwisho duniani, na saksafoni ikamfuata, ikimjibu, ikimbembeleza, ikimtania. Walipomaliza Fabian alikuwa anapiga makofi peke yake kama mwendawazimu.

Gidioni akavaa hedifoni. Akarudisha mkanda mwanzo, akafumba macho kama siku ile ya Himo. Salvina alikaa juu ya spika, anatabasamu, miguu inaning'inia. Halafu akaona uso wa Gidioni ukibadilika. Tabasamu lilimtoka kwanza mdomoni, kisha machoni, mwisho akawa mtu asiye na uso. Akarudisha mkanda nyuma kidogo. Akasikiliza tena palepale.

"Unasikia nini?" Salvina aliuliza.

Kidole cha Gidioni kikatafuta kitufe.

"Gidi, unasikia nini?"

"Nakusikia wewe," alisema Gidioni.

Salvina aliteremka kwenye spika. Kabla hajamfikia, Gidioni alikwisha kubonyeza kitufe, na mkanda ukaanza kuzunguka kimya, ukijifuta wote, sauti ya Salvina na saksafoni pamoja.

"Nenda nyumbani," alisema bila kumtazama. "Nenda kwa mama yako, Salvina. Tusionane tena. Fabian, mtafutie gari."

Salvina alipanda Kilema akiwa hana hata chozi. Alijua nini? Alijua kwamba atakufa. Gidioni amesikia kifo kifuani mwake na ameshindwa kusema, kama alivyoshindwa kwa Zita. Tena ameufuta mkanda ili asibaki na sauti ya maiti ndani ya nyumba. Hiki cha pili kilimuuma kuliko kufa kwenyewe.

Siku zile alikaa jikoni kwa mama yake, anahesabu pumzi zake. Akikohoa moshi wa kuni, mama anageuka haraka. Akiacha chakula, mama anatoka nje, anarudi macho mekundu. Hawakuambizana. Migomba ililizunguka boma hilo kila upande, ukungu wa mlima ukashuka kila jioni mpaka mlangoni, na Salvina akawa anaangalia ile nafasi ya kihamba, shamba la nyumbani, alipozikwa baba yake, anakadiria ubavuni pake panatosha mtu au hapatoshi.

Siku moja uvumilivu ulimshinda. Akateremka Himo, akaingia kwa Aristides, akazungusha namba. Simu ikapokelewa.

"Gidi? Ni mimi. Usikate. Nakuomba uniambie ulichokisikia. Mimi siogopi tena, niambie tu."

Upande wa pili kimya. Kimya cha mtu aliyepo. Alisikia anavuta pumzi, anaiachia, anavuta tena.

"Umejua?" Gidioni alisema mwishowe, kwa sauti ndogo mno.

"Nimejua. Sema tu."

Simu ikakatwa. Salvina akabaki ameshika mkono wa simu. Mzee Aristides, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani asingesikia, alimletea stuli na soda, akasimama karibu naye.

Basi, mtu akishahukumiwa huwa na ujasiri wake. Kesho yake Salvina alivaa nguo ya kanisani akaenda hospitali kubwa, ajue ni lini. Wakampima makohozi, wakampiga picha ya kifua, wakamwambia arudi. Aliporudi muuguzi mmoja wa makamo, miwani puani, aliinua ile picha kwenye mwanga.

"Dada, nani amekuambia unaumwa?"

"Si... si naumwa?"

"Kifua chako ni safi. Ungekuwa unauzwa ningekununua."

Salvina alicheka, akalia, akacheka tena. Akatoka nje kwenye ukumbi akajitupa kwenye benchi la wagonjwa, anamshukuru Mungu kwa sauti. Pembeni yake alikaa mzee mmoja wa Rombo, amejifunga koti mpaka kidevuni. Mzee yule akavuta pumzi.

Ilikwaruza. Kama ukucha juu ya kitambaa kikavu.

Salvina aliacha kucheka. Sauti ile aliisikia kwa Zita, kwenye hedifoni. Na aliisikia mahali pengine, juzijuzi tu. Wapi? Dukani kwa Aristides. Kwenye simu. Pumzi inavutwa, inaachiwa, inavutwa tena. "Umejua?"

"Yesu wangu," alisema. "Siyo mimi. Ni yeye!"

Akarudi mbio kwa yule muuguzi, akamweleza yote, studio, Wenseslaus, Zita. Muuguzi alivua miwani.

"Hicho chumba, madirisha yake yanafunguliwa?"

"Yamezibwa. Kwa magodoro. Ili kelele zisiingie."

"Na mnakaa humo watu wangapi, mnaimba, mnapulizana?" Muuguzi akatikisa kichwa. "Hicho ni kifua kikuu, mama. Kimekaa humo ndani kinawasubiri. Mlete mtu wako upesi. Na hao wengine wote wa bendi."

Kumbe watu hawakukosea sana. Walikosea kidogo tu. Kilichoua si kile kilichozunguka kwenye mashine, ni kimya alichokijenga Gidioni kwa mikono yake.

Salvina alifika Kilema jua likiwa bado lipo. "Mama," alisema, "naomba isale."

Mama Margareta aliacha kumenya ndizi. Isale ni jani refu la kijani linalooteshwa mpakani mwa vihamba. Mchagga akikosa, analifunga fundo analipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa isale hawezi kukataa, hata kama ni damu imemwagika.

"Isale hupelekwa na mkosaji," mama alisema. "Wewe umemkosea nini? Si yeye aliyekufukuza?"

"Sijamkosea. Ila anaumwa, mama, na hataki kutibiwa, anataka kujifia kimya peke yake. Nataka kumpelekea kitu asichoweza kukikataa."

Mama yake akamfikiria Gidioni. Mtu yule aliyemwogopa, aliyemwombea mabaya hata kanisani, Mungu amsamehe. Akachukua kisu, akaenda mwenyewe mpakani, akakata jani lililo refu kuliko yote, akalifunga fundo.

"Mpe," alisema. "Na umwambie mimi pia nimetuma."

Njoro, Gidioni alikuwa amekaa kizani studio mchana kweupe, ndevu hazijanyolewa, shati linamning'inia. Saksafoni ilikuwa ndani ya sanduku lake, kifuniko kimefungwa. Salvina hakumsalimu. Alikwenda dirishani akalivuta godoro likaanguka, akavuta la pili. Mwanga ukaingia pamoja na vumbi, na jogoo wa jirani akawika humo ndani kwa mara ya kwanza.

"Unafanya nini? Usinisogelee, Salvina! Nitakuambukiza!"

"Nimepimwa. Mimi mzima. Wiki zote hizi nimekaa nikijua ni mimi ninayekufa, unajua? Nilishachagua mpaka pa kuzikwa!"

Gidioni alishusha mkono aliouinua kumzuia. Polepole akaelewa, na alipoelewa akajifunika uso kwa viganja.

"Nilidhani umejua ni mimi," alisema. "Kwa miaka nilikwepa kujirekodi. Nilihisi kifua, Salvina, tangu Zita alipokufa. Nikasema nisipojisikia, labda hakipo. Halafu ukaniambia tuingie wote. Nikajisikia."

Salvina akatoa isale kwenye pochi, akamnyooshea.

"Wewe tena? Mimi ndiye niliyekosa!"

"Sema umepokea."

"Salvina..."

"Mama yangu ndiye aliyelikata. Sema umepokea!"

Gidioni alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

"Nimepokea. Unataka nini?"

"Kesho hospitali, wewe na Fabian na wote. Dawa utameza mpaka waseme basi. Madirisha haya yasizibwe tena. Na shati la maua ulisema ni la mke wako, mimi nimeshalivaa mpaka limepauka, kwa hiyo ujue la kufanya."

"Nitakuoaje na kifua hiki?"

"Kwa pete, kama watu wengine."

Gidioni alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakawia, naye Salvina akasubiri kiishe, amesimama dirishani kwenye upepo.

Alimeza dawa. Sindano alichomwa, mkojo ukawa mwekundu kwa vidonge, mwili ukarudi kidogokidogo. Fabian naye alikutwa nacho, akatibiwa. Saksafoni ilikaa ukutani muda wote huo, na Gidioni aliitumia nafasi hiyo kumfundisha Salvina mashine: kupanga maikrofoni, kupima sauti, kukata mkanda kwa wembe na kuuunga. Zaidi ya yote alimfundisha kusikia. Walifunga ndoa Novemba, Mkatoliki na Mlutheri, padre akinung'unika lakini akibariki.

Desemba walipanda. Wote wawili, kwa miguu yao, mchana, Himo nzima ikiwaona. Mashine waliibeba, kwa sababu Gidioni alitaka kupuliza kwa mara ya kwanza tangu augue, tena apulizie ukweni. Waliiweka sebuleni, madirisha yote wazi, migomba inachungulia ndani. Mama Margareta alitoka nje mwenyewe kuwafukuza kuku na kumfunga mbuzi mbali, yeye aliyesema utepe unakula watu.

Gidioni alivaa suti ya kahawia ya harusi yake. Akapuliza ule wimbo uliofutwa. Mwanzo alisitasita, halafu saksafoni ikafunguka, na majirani wakaanza kukusanyika uani wakiwa na vibuyu vyao vya mbege, hakuna aliyethubutu kuongea.

Alipomaliza aliketi, anahema, jasho linamtiririka, furaha imemjaa usoni kama kijana. Salvina alivaa hedifoni, akarudisha mkanda, akafumba macho. Alisikia saksafoni, alisikia upepo kwenye migomba, alisikia mbuzi mbali. Kisha, kabla ya ubeti wa mwisho, pale pumzi inapovutwa, alikisikia. Kidogo sana. Mtu mwingine yeyote asingekisikia.

Akarudisha mkanda. Akasikiliza tena palepale.

"Unasikia nini?" Gidioni aliuliza.

Salvina alifumbua macho. Aliwaona watu mlangoni, alimwona mama yake ameshika bakuli la ndizi, alimwona mume wake. Angeweza kusema lolote. Lakini alikuwa ameapiwa ukweli, na yeye pia alidaiwa.

"Nakusikia wewe," alisema.

Gidioni alimtazama, na tabasamu likamtoka polepole, kwanza mdomoni, kisha machoni. Neno hilo lilikuwa lake. Alijua aliwahi kuwaambia akina nani.

"Jumatatu tutarudi hospitali," alisema baadaye.

"Asubuhi na mapema. Nitakuwa nawe."

"Basi leo usizime mashine. Nyimbo zote nilizokuwa nawaachia wengine wapulize, nataka ziwemo. Mkanda unatosha?"

"Unatosha, mpenzi."

Salvina akaweka mkanda mpya, akabonyeza kitufe chekundu. Gidioni akainua saksafoni, akavuta pumzi.